Kompyuta Nyepesi ya Mama Ngazi

Wenzake walimwita Mama Ngazi kwa sababu wagonjwa wake wote, kwa ile bahati yake aliyozaliwa nayo, walikaa ghorofani. Wauguzi wengine wa idara ile ya kutembelea wagonjwa majumbani walipewa mitaa tambarare: unaingia uani, unabisha hodi, umefika. Yeye aliangukia majengo ya zamani yenye lifti zilizokufa kabla hajaajiriwa. Siku ya kawaida alipanda ngazi mia tatu na ushei. Bega la kushoto lilibeba mkoba wa dawa na bendeji. Bega la kulia lilibeba kompyuta.

Kompyuta yenyewe, ukiijumlisha na chaja yake, ilikuwa kilo tatu na nusu, na bila chaja haikufika saa tano asubuhi. Wauguzi waliiita Mama Mkwe: nzito, huamka kwa taratibu zake, na huwezi kuisema mbele za watu. Kila muuguzi alikuwa na Mama Mkwe wake. Ukiiwasha, ilitaka dakika nane kamili kabla haijakubali kuzungumza nawe. Mama Ngazi alikuwa ameibeba yake miaka sita, na sasa bega la kulia lilikuwa limeshuka chini ya la kushoto, hata kwenye picha ya kitambulisho alionekana kama mtu anayechungulia dirishani.

Alilalamika. Alilalamika kwenye vikao, kwenye karatasi, na kwenye foleni ya chai. Wakubwa walimsikiliza kwa ile subira ya mtu asiyebeba kitu, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo siku msimamizi wao alipomwita ofisini na kumsukumia mezani kompyuta mpakato ndogo, nyembamba kama daftari la shule, Mama Ngazi alidhani anaonyeshwa tu.

Msimamizi huyu walimwita Bwana Jedwali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa majedwali tu. Ukimwambia mvua inanyesha, angependa kujua safu gani.

"Inyanyue," alisema.

Mama Ngazi akainyanyua. Akaishusha, akainyanyua tena.

"Gramu mia tisa na hamsini," Bwana Jedwali alisema, akitabasamu kama aliyeizaa yeye. "Nimekuchagua wewe uijaribu kwa wiki mbili, maana wewe ndiye unayelia zaidi. Pima uzito, pima kasi, pima betri, kisha useme kama thamani yake inalingana na bei. Fomu imo humo humo. Ukisema inafaa, tunanunua kwa wauguzi wote ishirini na wawili."

"Nikisema haifai?"

"Mtabaki na zile zenu."

"Basi hapo umenipa mtihani wenye majibu," Mama Ngazi alisema, na wote wawili wakacheka.

Bwana Jedwali aliacha kucheka kwanza. "Kuna jambo moja, dada. Zile za zamani zinakula dakika nane kila nyumba. Nyumba sita kwa siku, ni dakika arobaini na nane zinapotea bure. Hii inafunguka papo hapo. Kwa hiyo ikipita, kila muuguzi atatoka nyumba sita hadi tisa. Anza kujaribu nyumba tisa tangu siku ya tatu, tuone." Akageuza kioo cha kompyuta yake ili naye aone. "Hawa wote wanasubiri. Mia moja na arobaini. Hawana muuguzi hata mmoja."

Majina yalishuka, yakashuka, hayakuisha. Mama Ngazi aliyasoma, kila jina mtu na kitanda chake. Hesabu ya dakika ilimpita kidogo. Alitaka kuuliza dakika arobaini na nane zinawezaje kuzaa nyumba tatu nzima na ngazi zake. Lakini kwenye jedwali la Bwana Jedwali hapakuwa na ngazi, na begani pake palikuwa na maumivu. Akaichukua kompyuta, akatoka.

Siku za kwanza zilikuwa sikukuu, tusidanganyane. Mara mbili alirudi mlangoni kwa mgonjwa akidhani ameisahau kompyuta, kumbe imo mkobani pamoja na bendeji, haijulikani ilipo. Alipanda ghorofa ya nne akafika na pumzi yake yote. Aliandika kwenye fomu kwa haki, maana alikuwa mtu wa haki: kibodi ni finyu, mwenye vidole vinene atakosea herufi wiki ya kwanza, kioo ni kidogo, mwenye macho ya miaka hamsini avae miwani, ukifungua picha nyingi za vidonda kwa pamoja, inasitasita. Lakini betri ilidumu tangu asubuhi hadi anarudi nyumbani, chaja aliiacha kabatini, na kuhusu kasi, unafunua kifuniko na fomu ya mgonjwa imeshakaa inakungoja. Na bei yake ilikuwa nusu ya Mama Mkwe. Watu husema cha rahisi ni ghali. Mama Ngazi aliandika kwamba safari hii watu wamekosea.

Jioni wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa nao, alimsugua bega kwa dawa ya kuchua kama kawaida yake, akasimama katikati ya kazi.

"Wifi, bega limelegea hili. Umepata bwana mwingine wa kukubebea mizigo?"

"Nimepata. Mwembamba, hali, halali, na ana akili."

"Kaka yangu hana hata moja kati ya hayo," wifi alisema. "Shikilia huyo huyo."

Kazini wenzake walimkimbilia kila asubuhi. Kila mmoja aliipima mkononi, akaipitisha kwa mwenzake kama kitoto kichanga. Mmoja wao, aliyebakiza miaka miwili astaafu na mgongo wake umeshastaafu, alimshika mkono. "Mwenzetu, safari hii usituangushe," alisema, na hakuwa anatania.

Siku ya tatu akaanza nyumba tisa. Siku ya nne, nyumba ya nane ilikuwa ya Mzee Tarishi.

Mzee huyu alikuwa tarishi miaka thelathini na moja, amepeleka barua mji mzima kwa miguu, mfuko wa ngozi begani. Sasa alikuwa na kisukari, ghorofa ya tatu, mke mmoja, na kiti cha dirishani. Mama Ngazi alimwita mzee baba, na mke wa mzee mama, nao walimwita mwanangu, kwa kuwa miaka sita ya kuingia na kutoka humfanya mtu kuwa wa nyumbani.

Hapa ni lazima nieleze jinsi ziara ya Mama Ngazi ilivyokuwa tangu zamani, maana haikuandikwa popote. Aliwasha Mama Mkwe mlangoni. Kompyuta ikiwa inajikongoja kuamka, yeye alinawa mikono, akavuta kigoda, akasalimia. Na sisi watu tunajuana. Ukituuliza habari tunasema nzuri, hata kama paa linawaka. Ukituuliza mara ya pili tunasema tunamshukuru Mungu. Ni mpaka uulize watoto, na majirani, na usingizi, ndipo mtu anashusha pumzi na kusema, "Ila kuna hiki kidogo kinanisumbua." Hicho kidogo ndicho kilichokupandisha ngazi. Wakati wa kungoja "ila" hiyo, Mama Ngazi alikuwa na mazoea ya kumwambia mzee, "Vua soksi, baba, miguu ipate hewa," akaishika mmoja mmoja, akaangalia kati ya vidole huku wanazungumza habari za bei ya mkaa. Dakika nane zikiisha, kompyuta iko macho, naye ameshajua kila kitu.

Siku ile ya nne aliingia na jasho, akiwa ameshatoka nyumba saba, na ya tisa ilikuwa mtaa wa pili. Akakaa. Akafunua. Fomu ikaja kabla hajamaliza kusema shikamoo.

"Habari za tangu juzi, baba?"

"Nzuri, mwanangu. Pole na kazi."

"Sukari tuipime." Akamtoboa kidole, akaandika. Ilikuwa imepanda kidogo. "Unakula vizuri? Dawa unameza?"

"Nameza."

"Miguu?"

Mzee alitazama soksi zake, kisha akamtazama yeye. "Salama tu."

Mama Ngazi akaweka alama kwenye kisanduku cha miguu. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi, akafungua kinywa, akakifunga. Mama Ngazi alimwona, ndiyo. Alimwona kwa pembe ya jicho, akasema atamuuliza wiki ijayo. Akafunga kifuniko, akaaga, akashuka. Dakika kumi na tatu. Aliziandika kwenye fomu kwa fahari, maana ilikuwa ziara yake fupi kuliko zote.

Jumatatu ya wiki ya pili, akiwa kwenye ngazi za mgonjwa mwingine, simu ikalia. Alikuwa mama, mke wa Mzee Tarishi.

"Mwanangu, baba yako ana homa. Na mguu... mguu unanuka."

Mama Ngazi aliziacha nyumba zilizobaki. Alifika, akapiga magoti sakafuni, akavua soksi ya kushoto mwenyewe. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Kati yao kulikuwa na kidonda chenye kingo zilizokauka, na kingo zilizokauka hazidanganyi: hakikuwa kidonda cha jana, wala cha juzi. Alijua kuhesabu siku za kidonda kama mwingine anavyojua kuhesabu siku za ndizi. Siku ile ya nne kilikuwapo, ndani ya soksi, hatua mbili kutoka kwenye goti lake.

Hospitalini walivikata vile vidole viwili jioni ile ile. Daktari, kijana mpole aliyevimba macho kwa kukosa usingizi, alimwambia mguu umepona chupuchupu. "Kingeonekana siku nne kabla, kilikuwa kidonda cha bendeji na vidonge," alisema. Hakumlaumu. Hakujua kwamba aliyesimama mbele yake ndiye aliyekuwapo siku nne kabla.

Mama Ngazi alirudi nyumbani akaoga, akakaa kitandani na taulo. Aliona aibu, aibu ya kweli. Wifi yake akaja na dawa ya kuchua. "Leo hapana, wifi," alisema. "Leo bega haliumi." Na kweli halikuuma, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Ijumaa alimwonyesha Bwana Jedwali fomu. Uzito, bora. Kasi, bora. Betri, bora. Thamani kwa bei, bora. Chini, mahali palipoandikwa "Upungufu", alikuwa ameandika kwamba alifanya ziara ya dakika kumi na tatu na mgonjwa akapoteza vidole viwili.

Bwana Jedwali alisoma, akainuka, akafunga mlango.

"Dada yangu," alisema taratibu. "Hii haihusu kompyuta."

"Inahusu nyumba tisa."

"Hakuna kisanduku cha nyumba tisa kwenye fomu hii. Kisanduku cha miguu kipo. Wewe uliweka alama." Alisema bila ukali, na kwa hiyo iliuma zaidi. "Nikiipeleka hivi ilivyo, wakubwa hawatasoma habari ya nyumba tisa. Watasoma jina lako. Watakuita, watakuhoji, huenda wakakusimamisha. Na kompyuta itaahirishwa mpaka mwisho wa uchunguzi, na wenzako waendelee kubeba yale mawe. Futa hiyo sentensi moja. Mzee ameshakatwa, maji yakimwagika hayazoleki."

"Na nyumba tisa zinaanza lini?"

"Mwezi ujao. Nikuambie ukweli? Mimi pia nilipewa namba, sikuichagua." Akasugua macho. "Kesho saa nne asubuhi naituma. Nitumie fomu kabla ya hapo, namna yoyote utakayoamua."

Alitoka ofisini akiwa hoi, mtu aliyechoka mpaka hana hata nguvu ya kukasirika. Kwenye korido yule muuguzi wa mgongo alimpungia mkono, akainua kidole gumba, akiuliza kwa macho kama imepita. Mama Ngazi alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana. Ukweli ni kwamba njia nzima hadi hospitalini aliifuta ile sentensi kichwani. Aliifuta mara moja, mara mbili, na kila mara dunia ilibaki vile vile: yeye yuko kazini, wenzake wana kompyuta, mia moja na arobaini wamepata muuguzi. Nani ameumia? Mzee hajamlaumu. Kamati ya uchunguzi haijaundwa. Alijiambia atamwomba mama msamaha, na huo utatosha.

Ulikuwa muda wa kutazama wagonjwa. Mzee Tarishi alikuwa amelala, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mto. Mama alikuwa kwenye benchi la korido, kibegi mapajani, amekaa kama anayesubiri basi. Mama Ngazi akaketi kando yake. Hakujua pa kuanzia, akaanzia popote.

"Mama, ile siku ya Alhamisi nilipokuja. Kidonda kilikuwapo."

"Kilikuwapo."

"Sikumvua soksi. Nilikuwa na haraka. Ni kosa langu mimi, si la mtu mwingine, na nimekuja kukuambia."

Mama alimshika mkono, akaupapasa kama anayekunjua nguo iliyokunjamana.

"Tulijua una haraka, mwanangu," alisema. "Tulikuona ulivyoingia. Uso umekushuka, hata maji hukuomba. Nilitaka kukuambia, baba yako akanikonyeza ninyamaze. Ulipotoka nikamgombeza. Akaniambia, mwache mtoto, mimi nimebeba mfuko begani miaka thelathini na moja, najua mtu aliyechoka anavyokaa. Tukimwonyesha hiki atachelewa kwingine, atasemwa kazini. Tumwambie wiki ijayo."

Mama Ngazi akageuza uso ukutani.

"Basi tukakungoja wiki ijayo," mama alisema. "Usilie, watu wanatutazama."

Lakini alilia, bila sauti, kwa muda, huku mama amemshika mkono na kuwasalimia wapita njia kwa niaba ya wote wawili. Alikuja kuomba msamaha wa kuharakisha. Kumbe mzee wa kisukari, mwenye kidonda mguuni, alikuwa amefanya kazi ya kumuuguza yeye. Alikuwa amemwandikia mapumziko na kuyalipia kwa vidole vyake.

Alipofuta uso, aliitoa kompyuta mkobani, akaiweka juu ya mapaja. Ilikuwa nyepesi, hata hakuihisi. Alifunua, akaifungua fomu ya majaribio. Ile sentensi ilikuwa bado ipo. Hakuifuta, ila aliiona haitoshi, akaandika chini yake polepole, kwa vidole viwili, kwa sababu kibodi ni finyu:

"Kompyuta haina kosa, inunuliwe. Nilimkagua mgonjwa kwa dakika kumi na tatu bila kumvua soksi. Yeye alijua ana kidonda. Alinificha kwa kunihurumia, kwa kuwa aliniona nimechoka. Mgonjwa akianza kumficha muuguzi maumivu ili asimchoshe, hakuna tena muuguzi. Wanaosubiri waajiriwe wauguzi. Nyumba zibaki sita."

Akaandika majina yake yote matatu na namba yake ya ajira, ili wasihangaike kumtafuta.

"Ni kazi hiyo?" mama aliuliza.

"Ni kazi, mama. Namaliza."

Alibonyeza. Ilikwenda papo hapo, kabla woga haujamfikia. Kisha alisimama, akanawa mikono kwenye sinki la korido, akaingia wodini, akavuta kiti karibu na kitanda, na kumngoja mzee aamke mwenyewe.